Mzee Gwakisa na Noti Zilizoishia Jikoni

Mzee Gwakisa Mwakalobo, mpiga chapa wa shule yetu, anastaafu leo Jumatano, tarehe 30 Aprili 2025, baada ya kutumikia miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Muda wote huo amekaa katika chumba kimoja, kile cha pembeni ya ofisi ya taaluma, chenye dirisha linaloangalia jikoni. Wakuu wa shule saba wamekuja na kuondoka. Yeye ndiye aliyewapigia chapa barua za kukaribishwa na barua za kuagwa.

Kwenye ratiba mliyoshika mikononi kuna zawadi ya blanketi, kuna kwaya, kuna chakula. Cheti cha utumishi uliotukuka hakimo. Kila anayestaafu hapa na faili safi hupewa, lakini Mzee Gwakisa hapewi, kwa sababu mwezi wa tatu kwenye faili lake iliingia barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Wasifu huu utamsifu kama desturi inavyotaka. Pia utaeleza barua ile ni ya nani hasa. Naomba mnivumilie, mimi ni mpishi, shule yangu iliishia darasa la saba, na Mwalimu Frida amenisaidia kupanga herufi tu. Maneno ni yangu.

Mzee Gwakisa alizaliwa Tukuyu mwaka 1965, nyumba ya wakulima wa chai. Naye aliishia darasa la saba. Kupiga chapa alifundishwa na mchungaji wa kwao aliyekuwa na taipureta moja na subira nyingi. Halafu akaenda Mgololo, akawa kibarua wa kupanga karatasi kiwandani kwa miaka miwili, ndipo akaja Iringa. Yale ya Mgololo hayakumtoka. Hadi leo akishika karatasi kwa vidole viwili anakwambia kama itapokea wino au itaukataa.

Alianza na stensili na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono. Siku hizo mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko, na wanafunzi wakimtania, "Mzee, shikamoo ya mkono wa kushoto!" Naye anajibu, "Marahaba, na wewe mtihani wako utakuwa wa mkono wa kushoto." Baadaye zikaja kompyuta. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na mitano, bila kumwambia mtu kwamba anaogopa.

Kazi iliyompa jina ni noti za marudio za kidato cha sita. Baiolojia, na zile kurasa za siasa na katiba, na kurasa chache za saikolojia, mambo ya akili na hofu, alizoongeza Mwalimu Frida wa unasihi. Mzee hakukielewa Kiingereza kilichokuwa humo, lakini alikijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao gizani. Mwalimu Kasian wa baiolojia anasimulia kwamba mwaka mmoja aliruka mstari mzima kwenye usanisinuru. Jioni Mzee akamfuata nyumbani na karatasi mkononi. "Mwalimu, hapa mwaka jana palikuwa na maneno mengine kumi na mawili. Yamekwenda wapi?" Maana yake hakuijua. Alijua tu hayapo.

Sasa niseme juu ya penseli, maana wageni wetu hawajui. Katika shule nyingi mtoto akimaliza mtihani wa mwisho noti zake anazigawa au anazichana. Hapa kwetu anazirudisha. Mzee alianzisha jambo hilo mwaka 1998 na hakuna mkuu wa shule aliyethubutu kulifuta. Kila mwanafunzi wa kidato cha sita anazungushia kwa penseli kila mahali alipokwama, kisha anapanga foleni mlangoni kwa Mzee na kukabidhi. Mzee alikuwa akiwaambia, "Usiniandikie jina lako. Nionyeshe palipokushinda." Wakishaondoka, anakaa na rundo lile wiki mbili. Ukurasa wenye penseli nyingi anaupeleka kwa mwalimu mwenyewe na kusema kwa upole, "Mwalimu, hapa watoto wameanguka." Mwalimu anaandika upya, Mzee anapiga chapa upya. Noti zetu zimeandikwa hivyo miaka ishirini na saba, na waliozisahihisha ni watoto waliokwama.

Kulikuwa na ukurasa wa figo. Penseli zilikuwa nyingi mpaka mchoro hauonekani. Mwalimu Kasian aliuandika mara tatu na bado watoto wakaanguka. Basi siku tuliyochinja mbuzi wa mahafali, Mzee akaja jikoni mbio. "Mama Juliana, figo hilo usilitie chumvi!" Akalipasua kwa kisu changu juu ya ubao wa kukatia kabichi, akamwita Mwalimu Kasian, darasa zima la baiolojia likajaa jikoni kwangu huku maharage yakiungua. Mwaka uliofuata ukurasa ule ulirudi na penseli nne tu. Alikuja kunionyesha dirishani. Nilifurahi kama vile figo lilikuwa langu.

Mwalimu Muharami, anayefundisha mambo ya siasa, mtu wa Mbeya mjini mwenye maneno kama karanga, alikuwa akimchokoza kila siku. "Mzee, wewe ni bunge la mtu mmoja. Unapitisha, unakataa, hatujakupigia kura." Mzee anajibu, "Kura ni zile penseli, Mwalimu, na kwenye ukurasa wako wa katiba umeshindwa tena." Muharami anacheka, halafu anachukua karatasi na kwenda kuandika upya.

Na kurasa za saikolojia, zile zinazoeleza mtu anavyopoteza akili kwa hofu ndani ya chumba cha mtihani, zilirudi bila duara hata moja. Badala yake pembeni watoto waliandika kwa penseli ndogo: huyu ni mimi. Mmoja, kisha mwingine, mwaka hadi mwaka. Mwalimu Frida alilia alipoonyeshwa. Mzee hakuzibadili kurasa zile kamwe. Alisema zimefika.

Sasa nifike mwezi wa tatu.

Mwezi wa pili radi ilipiga kompyuta ya uchapaji, ikafa na kila kilichokuwemo. Mzee hakushtuka sana, kwa sababu alikuwa na nakala za karatasi, alizoziita nakala mama, pamoja na zile zenye penseli za miaka yote. Maboksi matatu. Mvua za Machi zikaanza, dari ya chumba chake ikavuja, akatafuta mahali pakavu. Pakavu kuliko pote katika shule hii ni stoo ya jikoni. Akayaleta huko na kubandika juu yake karatasi ya onyo yenye maneno ya Kiingereza aliyozoea kuwapigia walimu chapa.

Siku hiyo mimi sikuwepo. Nilikuwa Ilula, kwenye msiba wa dada yangu, aliyekuwa akiuza nyanya barabarani.

Lazima mjue kitu kimoja. Kwa miaka kumi na minne niliyopika hapa, boksi likitoka chumba cha Mzee Gwakisa na kuingia jikoni, ni la kuwashia moto. Karatasi zilizoharibika hakuzitupa kamwe, alituletea sisi, kila muhula, kwenye maboksi yaleyale. Ilikuwa hisani yake kwetu. Na Machi ile kuni zilikuwa mbichi, zinatoa maji. Nilirudi kutoka msibani saa kumi na moja alfajiri, akili haimo kichwani, nikaona maboksi matatu, nikamshukuru Mungu na nikamshukuru Mzee. Uji wa wanafunzi mia sita uliwahi. Nikaendelea hivyo siku tisa.

Siku ya kumi alikuja mwenyewe. Akasimama mlangoni, "Mama Juliana, pole na msiba. Yale maboksi yangu?"

Nikamwambia kwa furaha, na neno hili nitaulizwa mbele ya Mungu, "Yamewaka vizuri sana, Mzee! Karatasi zako mwaka huu kavu kweli."

Hakupaza sauti. Alikaa juu ya gunia la maharage. Kisha akaomba kikombe cha uji, akanywa chote, akaniambia taratibu yaliyokuwemo. Mimi nikakaa chini kwenye majivu, pale pale. Binti yangu Juliana yuko kidato cha sita hapa, anasoma baiolojia. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, alipata S, alama ya chini. Zile noti ndizo nilizokuwa nikimwombea kila usiku, na mimi ndiye niliyezichoma kwa mkono wangu ili anywe uji.

Kwenye kikao cha wafanyakazi Mkuu wa Shule aliuliza noti ziko wapi, mtihani umekaribia. Nilikuwa nimesimama nje na birika la chai, nasikia. Mzee Gwakisa akasema, "Nimezipoteza mimi. Niandikieni mimi." Barua ikaandikwa, na kwa kuwa mpiga chapa ni mmoja tu, aliipiga chapa yeye mwenyewe.

Nilimkimbilia. Nikamwambia, Mzee, nakwenda kusema. Akakataa. "Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, na mtoto bado yumo humu. Mimi barua itanisindikiza mpaka getini tu. Wewe itaingia na wewe nyumbani." Nikanyamaza. Huo ndio ukweli, nilinyamaza wiki sita, nikimwangalia mtoto wangu akisoma daftari lenye mapengo.

Katika wiki hizo sita Mzee alijaribu kurudisha alichoweza. Aliazima kompyuta ya ofisi ya taaluma, akafumba macho, akaandika alivyokumbuka, huku Mwalimu Kasian amekaa kando akimsahihisha. Kurasa za baiolojia zilikuwa mia moja na kumi. Zimerudi arobaini na tatu. Za siasa zimerudi kumi. Za saikolojia Mwalimu Frida ameziandika upya, lakini hayo maneno ya watoto pembeni hakuna wa kuyaandika. Na penseli, zile penseli za miaka ishirini na saba, hazirudi. Mtihani wa kidato cha sita unaanza Jumatatu. Watoto wetu wanaingia na nusu ya kitu ambacho kaka zao na dada zao waliwaachia kizima. Mimi sioni pa kushika. Juliana hali chakula. Ananiuliza, "Mama, mbona noti za mwaka huu nyembamba?" Nimemjibu karatasi ni ghali.

Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walimu watatu walijitolea. Mzee akasema aandike Mama Juliana. Nilimwendea kuuliza niandike nini. Akanitazama kwa yale macho yake anayoyafinya kama yuko mbele ya taa kali. "Andika habari za uji," akasema. "Za moto ziache."

Mzee wangu, nisamehe. Nimekutii katika mengi, hili siwezi. Ukiondoka leo bila cheti, kila nitakapowasha jiko nitakuwa nakuchoma wewe.

Basi, Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, naomba mbele ya wageni hawa barua ile itolewe kwenye faili la Mzee Gwakisa Mwakalobo. Hakupoteza noti. Alizihifadhi mahali pakavu. Aliyezichoma ni Evarista Nyalusi, mpishi, kwa kutojua kusoma kilichobandikwa na kwa kutouliza. Barua iandikwe kwa jina hilo. Mkataba wangu fanyeni mnavyoona ni haki. Naomba kitu kimoja tu, Juliana asiambiwe mpaka amalize karatasi ya mwisho. Yeye leo yuko darasani anajisomea, nimeomba asije.

Ninyi kidato cha sita mtakaousoma wasifu huu baadaye, nisameheni na ninyi. Siwezi kuwarudishia.

Mzee Gwakisa, jikoni tunakushukuru kwa kuni zote ulizotufanya tusipulize kwa mdomo, kwa figo, na kwa kukaa juu ya gunia badala ya kunifukuza. Walimu wanakushukuru kwa kuwaambia ukweli bila kuwaaibisha. Wanafunzi waliopita hapa tangu 1992 wapo mahospitalini, mahakamani na mashuleni, na wengi hawajui jina lako, wanajua tu kwamba walieleweshwa.

Nenda Tukuyu salama. Ndaga fijo, asante sana, kama mnavyosema kwenu. Mama wa nyumbani kwako akuone mchana sasa, maana tumekuwa tukimrudishia wewe jua likishazama. Chai yako istawi, magoti yako yapone, na Mungu akupe siku nyingi zisizo na haraka. Sisi wenzako tunakuombea heri yote, na tunakuomba usiondoke ukumbini mpaka Mkuu wa Shule ajibu.

Evarista Nyalusi (Mama Juliana)
Jikoni