Miguu ya Kulishwa Vizuri

Basi la kutoka Nyamyumba lilikuwa halijaingia mjini, na tayari Donatille alikuwa amechoka kuitazama miguu ya Teta, jirani yake. Wote wawili walikuwa na mimba ya miezi minane, lakini mwenzake alikuwa amejaa mpaka usoni, utadhani visamaki vyote vya sambaza vya ziwani vinaishia kwenye sahani yake.

Mama mmoja asiyewajua aliinama kutoka kiti cha upande wa pili. "Hii miguu imevimba tangu lini?"

"Si kuvimba, mama," Teta akajibu. "Bwana yangu iko ananilisha muzuri. Hata pete haitoke tena."

Donatille akakificha kidole chake kisicho na pete.

"Na kichwa?"

"Inauma kidogo tu. Na macho inaona nyota-nyota."

"Hiyo si chakula, mutoto yangu, ni tension, presha ya damu. Ndiyo iliua dada yangu hivi hivi. Tushuke wote hapa hospitali."

"Bon, hiyo ni wivu tu." Teta akageuka. "Donatille, we si ulisema asubuhi nimependeza?"

Ni kweli Donatille alikuwa amesema hivyo, huku roho ikimuuma kwa wivu. Basi likasimama mbele ya hospitali, mlango ukafunguliwa, na Teta na yule mama wakamngoja yeye ajibu.