Mzee Ojakol wa Dampa Anastaafu na Sifa Zake Zote

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Silvanus Ojakol anaiaga ofisi yetu ya ukaguzi wa majengo hapa Malaba baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na sita. Meneja wetu, Bi. Anyait, ameniagiza niandike machache ya kumsifu, eti kwa sababu mimi ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu. Jamani! Ofisi nzima inajua kwamba namwonea mzee huyu wivu. Nadhani nimepewa kalamu ili watu wapate cha kuchekea kwenye sherehe.

Mzee ni mtu wa Chakol. Alianza kwetu kama fundi wa mabomba ya hewa, yale makubwa ya bati yanayopita juu ya dari. Hoteli za ghorofa na maghala yalipoongezeka huku mpakani, akahamishiwa upande wa dampa. Kwa asiyejua, dampa ni kifuniko cha chuma kilichomo ndani ya bomba hilo. Moto ukizuka, kinatakiwa kujifunga chenyewe ili moshi usitoke chumba kimoja kwenda kingine. Kazi ya mzee ilikuwa kupanda ngazi, kukijaribu kifuniko, kukirudisha, kisha kuandika alichokiona. Basi. Sasa niambieni, hapo kuna nini cha kumfanya mtu apendwe kuanzia Malaba mpaka Busia mjini?

Lakini anapendwa, tena sana. Tukiingia ghala lolote, yeye anaitwa "mzee wetu" na kuvutiwa kiti, mimi naulizwa kama nimekuja kufagia. Mama mmoja mwenye kliniki kule Nambale alimpa jogoo. Mwingine alimletea samaki, mbuta mzima kutoka Osieko, nami nikambeba mpaka stendi akinichuruzikia kwenye viatu. Mimi, miaka yote hii, sijapewa hata ndizi. Picha napiga mimi, ripoti nachapa mimi, na mwandiko wake, Mungu anisamehe, utadhani kuku wamepita. Bado wateja wakinipigia wanauliza, "Dada, mzee yuko?"

Kuna siku alichungulia kutoka kwenye dari ya ofisi moja, kichwa kimejaa vumbi, karani akapiga mayowe mpaka askari akaja na rungu. Mzee akamsalimia askari kwa Kiteso na kumuuliza habari za nyumbani. Kabla hatujamaliza kazi, askari huyo huyo alikuwa anatushikia ngazi. Ningekuwa mimi, ningelala ndani.

Neno lake kubwa kazini lilikuwa "haikufikiwa." Dampa ikiwa mahali ambapo mkono haufiki, wapo wakaguzi ambao huandika kwamba iko sawa, kwa kuwa jirani zake ziko sawa. Mzee hakukubali. Kwake yeye, usichokigusa hukijui. Aliandika haikufikiwa na kwenda zake kunywa chai, mwenye jengo atake asitake.

Mwenye jengo aliyetaka kupasuka kwa hasira alikuwa Bwana Oundo, mwenye hoteli ya ghorofa nne mjini Busia. Hoteli ilikuwa inakaribia kufunguliwa, mahema ya sherehe yameshasimamishwa, na dampa moja juu ya chumba cha kufulia ilikuwa imezibwa na dari isiyo na mlango. Oundo alifoka, "Mzee, unataka kuniangusha mbele ya wageni?" Bi. Anyait naye alibembeleza kwa simu. Wapi! Haikufikiwa. Mwishowe dari mpya ikatobolewa, na tukakuta mafundi wa ujenzi walikuwa wameifunga dampa kwa waya isijifunge kamwe. Waya niliukata mimi, kwa mikono yangu. Oundo akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, mimi akanipa ufagio nikusanye vipande vya dari. Roho iliniuma, na sijui kama imepona.

Ndiyo maana mwezi jana ulikuwa mgumu kwangu. Nimeteuliwa kushika nafasi ya mzee, na kwa mara ya kwanza jina langu, Petronilla Mugeni, lingekaa mwishoni mwa ripoti. Oundo akafunga safari kuja ofisini na mpango wake. Mzee apumzike Chakol, mimi nipande ngazi, kisha ripoti ipelekwe kwa mzee atie sahihi kama kawaida, naye asisahauliwe, apate kitu kidogo cha shukrani. Asipotia, Oundo atatafuta wakaguzi wengine. Nilikuwa nimekaa pale pale, akizungumza kana kwamba mimi ni kabati.

Nilimtazama mzee. Nilikuwa na uhakika kwamba atakubali, kwani nani hukataa kupendwa? Akasema, "Boss, anayepanda ndiye anayeandika jina lake. Mimi sitapanda. Huyu akikwambia iko sawa, jua iko sawa." Oundo akatoka bila kuaga.

Juzi Oundo alipiga simu. Alitaka nifike Jumatatu kukagua hoteli, sahihi iwe yangu. Kwa kweli nilifurahi mpaka nikaimba ofisini. Halafu wivu ukarudi, mkali kuliko ule wa jogoo na mbuta. Ningekuwa mimi ninayestaafu, halafu tajiri aje kunibembeleza kwamba bila jina langu hakuna kazi, ningekubali kabla hajamaliza kusema. Mzee alikuwa na nafasi ya kunifanya mshika ngazi mpaka nizeeke, akaikataa mbele ya macho yangu. Hilo ndilo ninalomwonea wivu kuliko yote, na silo jambo la kujifunza kwenye semina.

Asante, Mzee Ojakol. Uende Chakol na afya yako, mihogo ikubali, wajukuu wakusumbue kwa furaha, na maisha yako yawe mema kuanzia kesho. Ila nina ombi moja dogo: Oundo akikupigia Jumatatu kuuliza kama Petronilla anaijua kazi, tafadhali, mzee wangu, usishike simu, mwache aniulize mimi.