Beti Tano Bila Kuchungulia

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Salaseini Ravula anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha mbata hapa Taveuni, Fiji. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kupasua nazi. Kazi yake hasa ilikuwa kuzuia damu zetu zisimwagike. Na aliyemfundisha kuzuia damu ni mimi, Apenisa wa tanuri la kukaushia.

Basi, si kweli. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kutozuia. Alikuwa mgeni kazini panga liliponiteleza na kunichana kiganja. Nikatafuna majani kama walivyofanya babu zetu, nikayabandika pamoja na mate yangu yote, kisha nikawa nayainua kila mara kuona kama dawa imeingia. Damu ilishukuru ikazidi kutoka.

Salaseini aliyafagia majani yale kwa kofi. Akanivua sulu niliyojifunga kiunoni (nilivaa kaptula ndani, Mungu ni mwema), akaikunja, akaikandamiza kwenye jeraha na kuuinua mkono wangu juu.

"Mtani, imba."

"Niimbe nini, mama, nakufa!"

"Wimbo wa Jumapili. Beti zote tano. Ukichungulia kabla hazijaisha, tunaanza upya."

Kwa mwendo wa kanisa letu, beti tano zinatosha kuchemsha chai na kuinywa. Yeye alitangulia kila mstari, mimi nikafuatisha; tulipomaliza, damu ilikuwa imekata.

Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za mababu, ndiyo maana hakunihurumia, na ndiyo maana nimepewa mimi kuandika haya.

Kampuni nayo haikulala. Ilituletea sanduku zuri la huduma ya kwanza lenye kufuli, na ufunguo husafiri na meneja. Sanduku hilo halijapata hata tone la damu. Majeruhi wote walipitia kwa Salaseini, wakaimba, na walioimba vizuri akawachukua kwaya yake. Leo sauti ya nne yote ina makovu. Mimi peke yangu alinikataa: "Mtani, wewe ukiimba damu inaongeza mbio."

Mwaka jana chuma cha kupasulia kilimkata yeye mkononi, damu ikaruka. Wenzetu walikuwa gatini wakipakia magunia. Nikamlaza, nikakandamiza kwa mikono miwili, nikaimba. Nguo ililowa, nikaweka nyingine juu yake bila kuinua ya chini, kama anavyotuhimiza. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Huo ni ubeti wa kwanza tena, mjinga wewe," akanong'ona.

"Nyamaza, au tunaanza upya."

Nilikuwa sijui mwingine. Akacheka, akafumba macho, akasema, "Nikipona nakuweka kwaya." Niliogopa vile alivyokubali upesi jambo alilonikatalia miaka yote. Niliimba ubeti huo huo ndani ya lori mpaka mlangoni mwa hospitali, sikuachia mikono mpaka daktari aliponibandua. Alishonwa, akarudi, akaanza kutukana kama kawaida. Suala la kwaya limemtoka kichwani.

Bi. Salaseini, asante kwa kila mkono ulioko hapa kiwandani. Nenda ukapumzike, uishi miaka mingi bila kukatwa na kitu kikali kuliko ulimi wangu. Ila Jumapili, wasogeze kidogo wale wa sauti ya nne, nipate pa kukaa. Zile beti nne nyingine nimeshajifunza.