Olivier Munguakonkwa, Musuka Nywele wa Birere

Ndugu, majirani na marafiki, haya ni maisha ya Olivier Munguakonkwa, tunayemuzika leo Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, hapa Goma. Yamesemwa na koko yake, M'Nshobole, mama wa baba yake, ambaye hajawahi kukaa darasani. Yameandikwa na dada yake Joviale, naye ndiye anayesoma. Wote wanaomujua Koko wanajua na ulimi wake. Lakini marehemu alipokuwa kitandani aliwaachia wawili hawa neno moja: "Siku yangu ikifika, musiseme nilikuwa karani. Semeni nilisuka nywele. Na wewe Koko, usitie chumvi." Koko alisema atajaribu.

Olivier alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1986 huko Kabare, upande wa Bukavu. Alikuwa mutoto wa kwanza wa Muzee Namegabe, karani wa ofisi. Siku hiyo ng'ombe wote wa Kabare walipiga magoti. Hapana. Ng'ombe walikuwa malishoni, mvua ilikuwa inanyesha, na mutoto alilia kama watoto wote wanavyolia.

Mama yake alifariki mwaka wa 1997. Muzee alibaki Bukavu na kazi yake, watoto wawili wakaletwa Goma, mtaa wa Murara, kwa Koko. Olivier alikuwa na miaka kumi na moja, Joviale sita. Shule ya Joviale ilikuwa na sheria yake: musichana ambaye hajasukwa hapiti mulango Jumatatu. Mukono wa kuume wa Koko ulikuwa umeharibika. Koko anasema ni chui. Marehemu alikuwa anasema ni ngazi. Kwa hiyo kila Jumapili, misa ikiisha, Olivier alimuketisha dada yake kati ya magoti na kumusuka. Mistari ya kwanza ilipinda kama barabara ya Sake. Baadaye ilinyooka. Majirani wakaanza kuleta vichwa vya watoto wao.

Shule ya musingi na ya sekondari alizimalizia hapa mjini, akapata diploma ya Leta, ile ya serikali, mwaka wa 2005. Walimu walimupenda, ila walimuogopa kidogo, kwa sababu alikuwa hajui kunyamaza mbele ya uongo. Januari 2002, lava ya volkano iliposhuka mjini, Koko alirudi na hadithi yake. Aliwasimulia wageni jinsi moto ulivyofika mulangoni kwake, akaupigia kelele: "Weye, hapa hapana njia!" Moto ukaona haya, ukapita kwa jirani. Wageni waliweka mikono kinywani. Olivier akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Koko, sisi tulikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mupaka. Ulikimbia na kiatu kimoja."

Koko alimutupia hicho kiatu. Lakini mutoto alikuwa hivyo. Uongo ulimuwasha mwilini kama upupu, hata uongo wa kuchekesha.

Mwaka wa 2006 Muzee Namegabe alimutafutia nafasi kwenye duwane, pale mupakani, aandike mizigo inayopita. Alivaa shati jeupe na kalamu mufukoni. Muzee alikuja Goma kumutazama tu akitoka kazini, akarudi Bukavu na furaha. Lakini mikono ya Olivier haikuwa pale. Siku moja chefu wa ofisi alifungua kabati akakuta kamba zote za mafaili zimesukwa tatu-tatu, safi, hakuna anayejua kuzifungua. Hii si chumvi. Chefu mwenyewe alikuja kwenye matanga Jumanne, akaisema akiwa amesimama. Kabla ya mwaka kwisha Olivier alimurudishia kalamu, akashukuru, akaenda Birere, mtaa wa soko. Aliweka kiti kati ya wamama wasukaji.

"Papa, umepotea?" wakamuuliza.

"Sijapotea, wamama. Nimefika."

Walimupa pazia ajifiche nyuma yake, kwa maana mwanaume kusuka kichwa cha mwanamuke mbele ya watu ilikuwa jambo la kuchekwa. Alilikunja, akalikalia. Kiti alikigeuza kikaangalia barabara. Vijana wa pikipiki walikuwa wanapita wakipiga kelele, "Mama Olivier! Mama Olivier!" Naye alijibu bila kuinua macho, "Karibu, mutoto wangu. Lete muke wako, kichwa chake kinakuletea haya." Baada ya muda walimuletea wake zao kweli, na mama zao.

Huko Bukavu, kila Jumapili nje ya kanisa, watu walimuuliza Muzee habari za mwanawe. "Yuko kwenye duwane," alijibu. Miaka ilipita, jibu likabaki lile lile. Koko alimuambia, "Namegabe, mutoto si koti. Huwezi kumugeuza ndani nje ili watu waone kitambaa unachopenda." Lakini Koko, mama yake, alikuwa ametunga mambo mengi sana, siku ya ukweli Muzee hakumusikia.

Uwitonze, binti wa Muzee Sebahire mufugaji wa Rutshuru, alikuja Birere kusukwa, akarudi mara nyingi kuliko nywele zilivyohitaji. Mahari yalipelekwa Rutshuru Jumamosi tarehe 16 Juni 2012. Kwa desturi, siku hiyo bwana arusi hafungui kinywa. Musemaji wa familia ndiye anasema, na musemaji ana ruhusa ya kupamba. Papa Mirindi, ndugu mudogo wa Muzee Namegabe, alisimama akapamba: "Kijana wetu ni mutu wa duwane. Lori halipiti mupakani bila mukono wake."

Olivier akasimama. Hakuna aliyewahi kuona bwana arusi akisimama.

"Papa Mirindi, unisamehe. Muzee Sebahire, mukono wangu haujui lori. Miye nasuka nywele, Birere. Kama hamutaki, tutarudi na vitu vyetu, lakini musimutoe binti yenu kwa mutu wa duwane ambaye hayupo."

Muzee Namegabe aliangalia viatu vyake. Ndipo shangazi wa bibi arusi, Mama Mukamazimpaka, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Akavua kitambaa.

"Na kichwa hiki nani alikisuka juzi, kwa ajili ya leo? Na cha huyu? Na cha yule?"

Wanawake wa upande wa bibi arusi wakavua vitambaa mumoja mumoja. Wote walikuwa wametoka kwenye kiti kile cha Birere. Wanaume peke yao ndio walikuwa wanadanganyana. Muzee Sebahire alisema, "Mwenye kusuka hivi, kamba ya ng'ombe wangu haitamufungukia." Ndoa ilifungwa kanisani hapa Goma tarehe 14 Julai 2012. Mungu aliwapa Byiringiro na Miriam.

Muzee Namegabe alikuja kwenye ndoa, akala, akarudi. Nje ya kanisa la Bukavu, Olivier aliendelea kuwa kwenye duwane.

Aprili 2024 mikono ilianza kuvimba. Daktari alisema ni figo. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake na kuwaambia wateja, "Leo vidole vimevimba, mistari itapinda. Nenda kwa mama yule wa pili, atakusuka vizuri." Wengine walikaa hata hivyo, wakarudi nyumbani na mistari iliyopinda, na hawakuifumua. Mwaka huu, tangu vita vilipoingia mjini Januari, kila mutu hapa anajua mji ulivyokuwa. Kufika hospitalini ilikuwa shida siku moja, siku nyingine ilikuwa haiwezekani.

Septemba Muzee alipanda boti kutoka Bukavu, akaja kukaa naye Murara. Walikaa wakiangaliana, baba kwenye kiti, mutoto kitandani. Siku moja Olivier alimuuliza, "Papa, ukirudi kule watakuuliza habari zangu. Utasema nini?"

Muzee alisema, "Kunywa dawa."

Alikunywa.

Jumapili iliyopita, tarehe 9 Novemba, misa ikiisha, alisema anajisikia vizuri. Alimuketisha Uwitonze kati ya magoti, akaanza upande wa kulia. Alisuka polepole. Mistari ilinyooka. Alipofika katikati ya kichwa aliweka kichanuo chini. "Nimechoka kidogo. Tutamalizia kesho." Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 10 Novemba, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa. Koko alikuwepo. Watu wanamuuliza kwa nini halii. Hajui. Amekula, amelala, ameamka. Alitafuta hadithi ya kuweka hapa, hakuipata.

Jumanne, kwenye matanga, Papa Mirindi alileta karatasi ya programu ambayo alitaka kuipeleka kuchapishwa. Ilisema marehemu alikuwa mutu wa duwane na mufanyabiashara. Kisha aliangalia Uwitonze, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye mukeka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Mujane hawezi kuingia kanisani hivi," alisema. "Watu watasema familia yetu haina wanawake. Mumufunge kitambaa, ao mumumalizie, ao mumunyoe."

Wamama wa Birere walikuwepo. Mumoja alitoa kichanuo, kwa upendo, akasogea. Uwitonze aliweka mukono juu ya upande wa kushoto.

"Alisema tutamalizia kesho," alisema.

Mwanamuke mwingine alikuja na kitambaa cheusi. Hapo Muzee Namegabe akanyanyuka kwenye kiti chake. Alichukua kile kitambaa, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo, akakitia mufukoni.

"Mumuache. Hiyo ni kazi ya mutoto wangu."

"Kazi gani, kaka?" aliuliza Papa Mirindi. Labda hakuelewa, labda alielewa.

"Mutoto wangu alikuwa musuka nywele. Andika hivyo."

Papa Mirindi alitafuta kalamu. Muzee alisubiri, amesimama, mpaka neno likaandikwa. Kisha akakaa. Koko alikuwa karibu yake, akamushika mukono.

Olivier anaacha baba yake, Muzee Namegabe. Koko yake, M'Nshobole. Dada yake Joviale. Wakwe zake wa Rutshuru. Watoto wake Byiringiro na Miriam. Wamama wa Birere, ambao tangu Jumatatu hawajakalia kiti chake. Anaacha muke wake, Uwitonze, ambaye amekaa hapa mbele yenu bila kitambaa. Upande wa kulia umesukwa. Upande wa kushoto haujasukwa. Hivi ndivyo yalivyo, na chumvi haimo.

Mikono yake imechoka. Apumzike kwa amani.