Kitanda cha Violeth na Kontakta ya Katikati

Kijiwe chetu ni gogo lililolazwa mlangoni mwa karakana ya Kagaruki, hapa Nyanga. Katikati ya gogo hukaa kopo la akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, nasi hutafuna huku tukimpangia kila mtu maisha yake. Siku ile ilikuwa zamu ya Kagaruki, na kweli nilimwonea huruma. Binti yake Violeth anaolewa Muleba Jumamosi, naye aliwaapia wakwe kwamba miguu ya kitanda ataikereza mwenyewe. Sasa mashine ya kukereza imegoma. Alinunua draivu, kile kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota, akakifunga pamoja na kontakta yake ya zamani, ile swichi kubwa ya vitufe. Draivu ikiwashwa inakubali. Akibonyeza kitufe cha kijani, kontakta inagonga ta! Draivu inaandika kosa, mota kimya.

Hamidi, tunayemwita Fyuzi maana hakawii kuungua, ndiye aliyeanza.

HAMIDI: Feki hiyo. Umepigwa.

KAGARUKI: Dukani tuliijaribu na mota hii hii, ikazunguka.

Yoeli tunamwita Mhandisi. Aliwahi kuwashikia ngazi mafundi umeme, basi.

YOELI: Dukani ni mjini. Huku umeme unafika umechoka.

HAMIDI: Umeme nao unachoka?

YOELI: Wewe ukipanda kilima hiki huchoki?

MIMI: Labda ni ethi, ule waya wa kwenda ardhini.

YOELI: Hapo umenena! Tangu lile tetemeko ardhi ilisogea. Ethi ya Kagaruki iko Muleba sasa.

HAMIDI: Basi tuvute waya mpaka Muleba!

KAGARUKI: Jamani, mwanangu atalala chini.

HAMIDI: Atalala Muleba, juu ya ethi yako.

Tulicheka mpaka Kagaruki naye akacheka, na mikono yote ikarudi kwenye kopo.

Hapo akatokea mama mmoja, amejifunga kitenge kipya, mkoba kwapani. Kagaruki alisimama kama kachomwa. Alikuwa Kokuhirwa, shangazi wa bwana harusi, amekuja kukiona kitanda. Kagaruki akatanguliza waitu, neno letu la heshima.

KAGARUKI: Waitu karibu, mama! Kuna… kuna hitilafu ndogo.

Akamwonyesha, kwa aibu. Ta! Kimya.

KOKUHIRWA: Hicho kinachogonga hapo, kati ya kisanduku na mota, mmekiweka cha nini?



YOELI: Ni cha… kawaida.

KOKUHIRWA: Kawaida ya nini?

Kilikuwepo tangu mashine ilipokuja, nasi hatukuwahi kufikiri kwamba kinaweza kuondoka.

Kagaruki akakata umeme, akangoja taa za draivu zizime kabisa, akaitoa kontakta. Nyaya za mota akazifunga kwenye draivu moja kwa moja. Safari hii alibonyeza kitufe cha draivu yenyewe. Mota ikaanza taratibu, ikapanda, ikashika mwendo, na vumbi la mninga likaanza kuruka. Kumbe kontakta ilikuwa ikiiunganisha mota ghafla wakati draivu tayari inatoa umeme, nayo ikajizima kujikinga; dukani kontakta haikuwepo. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

KAGARUKI: Mgeni hajapewa hata kahawa! Leteni kopo!

Nikalitikisa. Tupu. Mkwe amefika, amesaidia, na kopo la kumkaribishia tumelimaliza kwa kubishana juu ya ethi. Hamidi akaangalia viatu vyake.

Kokuhirwa akafungua mkoba, akatoa kifurushi cha akamwani kilichofungwa kwa jani la mgomba na kukikunjua.

KOKUHIRWA: Hizi nilimletea Violeth. Chukueni kidogo, atanisamehe.

Tukapokea kwa mikono miwili, wenyeji tukikaribishwa na mgeni. Ndani, mguu wa kwanza ulikuwa unapata umbo.