Fundi Hebu Nione na Ubao Ambao Hakuupasua

Marehemu, ambaye wateja walimwita Hebu Nione, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Siku moja alirudishiwa mtihani wa hesabu wenye alama mia, akaukagua, akamrudia mwalimu: "Umenizidishia mbili."

Mwaka 1981 alifungua karakana ya kukarabati mbao za kuteleza mawimbini, zile zenye povu gumu ndani na ganda jembamba nje. Mteja akisema amegonga jiwe kidogo tu, marehemu aliubisha ubao kwa vidole, akatega sikio, akaunusa. "Kidogo hiki kimekunywa maji wiki nzima." Epoksi, ile gundi ya kushikiza ganda, na kigumishi chake kwa kawaida alivipima mwenyewe.

Mwaka 1986 alimwoa muuza rangi aliyekuwa akimuuzia epoksi. Kila kopo alilouziwa alilipima upya palepale dukani. "Na mimi utanipima?" binti akauliza. "Wewe sina shaka nawe. Ni mizani yako."

Mwaka 2009 ubao uliotoka karakanani ulibanduka ganda majini, mwenye ubao akavunjika bega. Marehemu alimshuku mdogo wake, aliyefanya kazi naye na aliyechanganya epoksi siku ile, kwamba amepunja kigumishi. Mdogo mtu alikana, hakusikilizwa, akafungasha vifaa vyake akaondoka. Ubao ule marehemu aliuweka juu ya kabati kama ushahidi. Miaka kumi na mitatu hawakusalimiana.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumsumbua. Picha ya mapafu alipigwa katika hospitali mbili, maana ya kwanza hakuiamini. Januari iliyofuata, akiwa hana nguvu za kazi, aliuteremsha ubao ule na kuupasua kwa mara ya kwanza. Epoksi ilikuwa ngumu kama jiwe. Povu ndilo lililokuwa limeoza kwa maji, na aliyeliziba alikuwa yeye.

Akamwita mdogo wake. "Lile povu nililiziba likiwa bado na maji. Wewe hukukosea kitu."

"Una hakika, kaka?"

"Nimeupasua sehemu tatu."

Mdogo mtu akavuta kiti akaketi. Tangu hapo alikuja kila siku.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022, mkewe na mdogo wake wakiwa kando ya kitanda. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake.

Apumzike sasa, katika amani aliyochelewa kuipata.