Barua Iliyofungia Ugoro

Bwana asifiwe, ndugu zangu, ninyi mnaonifahamu na ninyi mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza. Mchungaji ameniomba niandike nilichokisema mbele ya kanisa, kwa ajili ya wale ambao Jumapili ile hawakuwepo. Nimekubali, ingawa kuandika ndiko kulikokaribia kunifikisha gereza la Kingolwira.

Nilimaliza darasa la saba nikakosa nafasi ya sekondari. Mengine yote nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Nilichokipenda zaidi kilifundisha uandishi wa barua rasmi: anwani kulia, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, mstari chini yake kwa rula. Nilikikariri. Mstari ukipinda kidogo, nilikuwa naanza upya. Neno likikaa vibaya, naanza upya. Nikifunga kufuli la nyumba nilirudi kulishika mara tatu. Nyumbani kwetu Mafiga, hapa Morogoro, walisema binti huyu ni msafi. Ndugu zangu, haukuwa usafi! Kilikuwa kifungo, ila kifungo chenye mwandiko mzuri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, kila mwenye chumba kinachotazama barabara anakigeuza duka. Mzee Mwinshehe, mzaliwa wa hukuhuku milimani, alifungua duka la tumbaku karibu na soko, akaniajiri. Tuliuza tumbaku ya majani, tumbaku ya kusokota, sigara na ugoro. Duka lilikuwa halali. Leseni ilikuwa kwenye fremu ukutani na mimi ndiye niliyeifuta vumbi kila asubuhi. Siku ya kwanza Mzee alinionyesha leseni ile akaniambia maneno ambayo sikuyasahau.

"Binti, siku bangi ikiingia humu, hii inatoka ukutani, na mimi na wewe tunakwenda kulima Kingolwira. Ukiona chochote, wape polisi taarifa kabla hawajaja wenyewe."

Sasa sikieni adha yake. Hakuna mtu aliyeamini kwamba tunauza tumbaku! Milima yetu ya Uluguru inasifika kwa mengi, na watu wakiona majani makavu kwenye kopo hawaulizi ni majani gani, wanakonyeza. Vijana walikuwa wakiegemea kaunta.

"Dada, tupe ile ya kucheka."

"Hapa tuna ya kupiga chafya tu," nilikuwa najibu, na naonyesha leseni kwa kidole.

Walicheka, wakasema dada ana siri, wakarudi kesho yake na swali lilelile. Nilichoka. Hata kanisani waliniita Dada Majani. Mama mmoja wa maombi aliniwekea mkono kichwani akaikemea roho ya bangi, na mimi chini ya mkono wake namweleza habari za leseni. Alidhani nanena kwa lugha. Kwenye kwaya nilihamishiwa mstari wa nyuma, karibu na dirisha, eti nguo zangu zinanuka. Ndugu zangu, ni kweli zilikuwa zinanuka. Lakini zilinuka tumbaku!

Basi, Mzee akaenda Mkuyuni kwenye arobaini ya kaka yake, akasema kutoka huko atapita kwa wakulima na atarudi Alhamisi. Akaniachia duka. Jumatatu asubuhi nikafungua gunia la tumbaku lililoletwa na gari la kutoka upande wa Matombo. Nilikuwa na desturi ya kukagua jani moja moja, maana nilikuwa siwezi kuvumilia jani lenye ukungu. Katikati ya gunia nikakuta fungu limeviringishwa kwenye jani la mgomba. Nikalifungua. Harufu yake ilinijibu kabla sijauliza.

Mtu aliyeliweka pale hajajulikana mpaka leo.

Wengine mtasema ningelitupa chooni. Nililifikiria hilo. Lakini je, nikikutwa nalo njiani? Na Mzee alikuwa amesema nitoe taarifa. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, ukisimama mlangoni kwetu unaona bendera yake. Mtu mwenye akili timamu angevuka, angesema, angerudi. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu! Taarifa kwa serikali ni maandishi. Nikaona nikienda kwa mdomo nitababaika, nitaonekana mwongo. Nikatafuta kopo tupu, nikalitia lile fungu, nikalifunga. Halafu, kwa kuwa sikuweza kulala na kopo lisilo na jina kwenye rafu yangu, nikaandika kibandiko kwa herufi kubwa safi: BANGI. SI YA KUUZA. INASUBIRI BARUA. Makopo yote ya dukani yalitazama mbele kwa wateja. Na hilo nikaliweka litazame mbele. Naomba mnisamehe, ndivyo nilivyokuwa.

Nikaketi kuandika, kwa kalamu ya wino wa chupa, maana niliamini kalamu ya kawaida si ya serikali. Barua ya kwanza kichwa cha habari kilikaa pembeni. Ya pili niliandika bangi, nikajiuliza, wakiniuliza nimeijuaje? Ya tatu niliandika majani nisiyoyaelewa, nikaona huo ni uongo, na mtu aliyeokoka hasemi uongo. Ya nne niliandika vizuri mpaka karibu na mwisho, pale mkono uliponiponyoka nikaandika kwamba niko peke yangu dukani na ninaogopa sana. Nani anaiambia serikali kwamba anaogopa? Nilipotaka kulikata neno hilo, wino ukamwagika ukaweka doa kubwa kama kifungo cha koti. Jumatatu ikaisha. Jumanne nikaandika nyingine nne. Hakuna iliyonipendeza.

Na zile mbovu? Dukani kwetu ugoro tulifungia kwenye karatasi za madaftari yaliyokwisha, na karatasi haikutupwa. Kila barua niliyoikataa niliiweka kwenye rundo la kufungia, na kila mteja aliyekuja aliondoka nayo. Barua zangu zote nane zikaenda hivyo, zikasambaa Morogoro nzima na ugoro ndani yake.

Jumatano saa nne hivi nilikuwa nimeanza ya tisa. Karatasi mpya kabisa, anwani imenyooka, mstari wa rula umekaa kama uzi. Wakaingia polisi wawili na mgambo. Mteja fulani alikuwa amesoma kopo langu akaenda kuwaambia. Hawakupekua chochote, ndugu zangu. Walisimama kwenye kaunta wakasoma. Afande mkubwa alikuwa mtu mzima, mtulivu, wala hakupaza sauti.

"Inasubiri barua ya nani?"

"Yangu, afande. Ya kuwaletea ninyi."

"Iko wapi?"

"Bado sijaimaliza."

Akaichukua ile karatasi ya tisa, akaitazama mbele na nyuma. "Hapa kuna anwani tu. Lini umeikuta hii bidhaa?"

"Jumatatu."

"Na kituo kile pale. Ulishindwa kuvuka barabara siku tatu?"

Nikasema nilishaandika barua nane. Akauliza ziko wapi. Nikasema zimeondoka na ugoro. Yule mgambo alicheka mpaka akashika ukuta. Nikafunga duka nikapelekwa, na kopo langu, na karatasi yangu yenye anwani. Kufuli nililishika mara tatu, nao wananisubiri.

Pale kituoni niliketi kwenye benchi nikijua kinachofuata: leseni ya Mzee inatoka ukutani, na mimi Kingolwira. Nikaanza kuomba. Ndugu zangu, sioni haya kuungama. Hata maombi niliyaanza upya! Nilisema Baba Mtakatifu, nikaona nimeomba msamaha kabla ya kushukuru, nikarudi mwanzo. Mara ya tatu nikachoka. Nilichoka na makopo, na watu wanaokonyeza, na mstari wa nyuma wa kwaya, na mimi mwenyewe kuliko vyote. Nikasema, "Bwana, sina maneno mazuri. Naogopa. Nisaidie hivyohivyo." Sikuongeza kitu. Lilikuwa ombi la kwanza maishani mwangu ambalo sikulirekebisha.

Haikupita nusu saa, nikasikia sauti ya mwanamke mzee mlangoni. Alikuwa Bibi Mwanaidi, mteja wetu kutoka mlimani juu ya Bigwa. Hushuka mara moja kwa juma, na Jumatatu alikuwa amechukua ugoro wa juma zima, kwa hiyo nilimfungia kwa karatasi nzima. Sasa alikuwa ameshuka tena, kwa miguu, amekasirika. Alikuta duka limefungwa, jirani akamwambia niko polisi, akanifuata hukohuko. Ncha ya pua yake ilikuwa ya buluu.

Afande akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mjukuu wangu kaniuzia wino. Nakwenda kwenye shughuli ya watu, kila mtu ananitazama pua. Nataka ugoro wangu mwingine."

Akaweka furushi lake mezani, akalifungua. Ugoro ulikuwa umeingia wino upande mmoja. Afande akaumwaga pembeni, akainyoosha karatasi. Nikaona doa langu kubwa kama kifungo cha koti. Ilikuwa ile ya nne.

Akaisoma kimya kwanza. Kisha akaisoma kwa sauti, wote wasikie: tarehe ya Jumatatu, jina langu, gunia, fungu la bangi kwenye jani la mgomba, naomba mje mlichukue, niko peke yangu dukani na ninaogopa sana. Alipofika hapo yule mgambo hakucheka tena.

"Mbona barua imekamilika hii," afande alisema. "Uliiacha kwa sababu gani?"

"Ina doa, afande."

Akafungua droo, akatoa mhuri, akaupiga palepale juu ya chembe za ugoro: IMEPOKELEWA. Kopo wakabaki nalo. Mimi nikaambiwa niende nikafungue duka, na Mzee akirudi aje aeleze habari za hilo gunia. Alikuja kweli siku ya pili yake, akaeleza, wakaelewana, na leseni ikabaki ukutani. Kwangu Mzee alisema jambo moja tu, kwamba mara nyingine nivuke barabara.

Lakini nisiruke. Nilipokuwa natoka kituoni, afande alinirudishia ile karatasi ya tisa, nzuri, isiyo na kosa. Akasema, "Chukua. Hii haina kitu." Nikaenda dukani na Bibi Mwanaidi, nikampimia ugoro mpya, na kwa kuwa rundo la karatasi lilikuwa limekwisha, nikamfungia kwa hiyo. Anwani ikawa nje, na mstari wangu wa rula. Bibi akaugeuza mkononi, akauliza kama hii nayo ina wino. Nikamwambia, "Hapana, bibi. Hiyo haina chochote."

Wapo watakaouliza kama niliacha kuuza tumbaku siku ile. Sitawadanganya, niliacha baada ya mwaka mzima, nilipopata kazi nyingine. Ninyi mlikuwa mnaombea nitoke dukani, Mungu akaanza na mkono wangu wa kuandika. Namshukuru yeye, na Bibi Mwanaidi, ambaye si wa dini yetu na alishuka mlima ule wote kwa ajili ya pua yake, nikapona.

Ndugu yangu unayesoma, labda na wewe una barua unayoiandika upya. Unasubiri utengeneze maisha kwanza, uache hiki, unyooshe kile, ndipo umwendee Bwana. Nenda leo. Mwambie unaogopa. Atapokea.

Ushuhuda huu nimeuandika mara moja tu. Ukurasa wa pili kuna neno nimelikata, na hapa chini wino umegusa kidole changu. Naupeleka kwa mchungaji kama ulivyo.